Krenki ikishapigwa saizi inakufa mapema: ni ngozi ya nitrojeni imeondoka, au kuna jingine?

#1 FundiNjiro
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana linanikera na linawagharimu wateja wangu.

Hapa Arusha magari ya watalii yanapiga kazi, na msimu ukikolea hakuna mwenye gari anayekubali lilale gereji. Injini ya dizeli ikianza kugonga tunafungua, tunakuta krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, imeliwa. Tunaipeleka kusagwa, inapigwa saizi ya kwanza, yaani kipenyo kinapunguzwa kidogo, tunaweka beringi za saizi hiyo, tunafunga. Gari linatoka limetulia kabisa. Msimu haujaisha limerudi: presha ya oili iko chini, beringi zimekwanguka, krenki imechimbika mistari. Na krenki hiyohiyo, ilipokuwa ya kiwandani, ilikaa miaka bila alama.

Fundi mmoja wa siku nyingi ameniambia kuna krenki zinazotoka kiwandani zikiwa zimeingizwa nitrojeni kwa plazma, na kwamba tukisaga tunaondoa ngozi ngumu tunabaki na chuma laini. Msaga krenki wangu anasema hizo ni hadithi, chuma ni kilekile kuanzia juu mpaka katikati. Nani yuko sahihi? Na kama ngozi hiyo ipo kweli, inarudishwaje?

#2 ChaliiWaSakina
Nimeweka kambi. Ngoja waje wajuzi.

#3 MetaliTengeru
Fundi, huyo mzee yuko sahihi, ila hakukumalizia.

Krenki nyingi za dizeli nzito zinafuliwa kwa chuma chenye kromi na molibdeni ndani yake. Aina moja maarufu Wazungu wanaiita 42CrMo4, Wamarekani wana ya kwao inayofanana nayo, 4140. Kikiwa kimeshakomazwa kwa kawaida, ugumu wake unazunguka Vickers 300 (Vickers ni kipimo cha ugumu, namba ikipanda chuma ni kigumu zaidi). Kisha krenki inaingizwa kwenye chumba cha chuma, hewa inafyonzwa karibu yote, inaachiwa nitrojeni na haidrojeni kidogo, presha ya milibari chache tu. Unawekwa umeme wa volti 300 hadi 1000: krenki upande hasi, ukuta wa chumba upande chanya. Gesi inawaka zambarau, kama gesi iliyo ndani ya taa ya tyubu, na mwanga huo unaivaa krenki nzima. Hiyo ndiyo plazma. Ayoni, yaani atomi za gesi zenye chaji ya umeme, zinaigonga krenki kwa kasi, zinausafisha uso na kuupasha mpaka nyuzi 480 hadi 550 hivi, na nitrojeni inazama ndani polepole. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa 20, inaweza kuchukua 60.

Nitrojeni ikikutana na kromi na molibdeni inashikana nazo, na uso mzima unabanana. Ugumu unapanda hadi Vickers 600 au 700. Ndani chuma kinabaki kivumilivu kama kilivyokuwa. Ila kina chenyewe ni milimita 0.2 hadi 0.5. Sasa ukisaga milimita 0.25 umebakiza nini?

#4 Mangi_Kibosho
Injinia, umeeleza vizuri, lakini mimi nina malori yanayopanda na kushuka Moshi–Dar na krenki zimesagwa mpaka saizi ya pili. Zinatembea. Siri ni oili. Watu wanabana hela kwenye oili, wanachukua ya madumu yasiyojulikana yametoka wapi, halafu wanailaumu krenki. Badilisha oili kwa wakati, weka filta ya kweli, hiyo nitrojeni utaisahau.

#5 Digrii_Tisini
@MetaliTengeru, hesabu yako irekebishwe, isije ikamtisha mtu bure. Saizi ya kwanza ya 0.25 inahesabiwa kwenye kipenyo. Kila upande linaondoka 0.125. Kwa hiyo kama ngozi ilikuwa 0.4, bado kuna kitu. Saizi ya pili ya 0.50 inaondoa 0.25 kila upande. Hapo ndipo pa kuogopa.

#6 MetaliTengeru
@Digrii_Tisini sahihi kabisa, kila upande ni 0.125. Ila ongezea hili: ugumu haukai sawa kuanzia juu mpaka mwisho wa ngozi. Uko juu kabisa usoni, unashuka kadiri unavyozama. Ukishaondoa 0.125 bado uko ndani ya ngozi, ila sehemu iliyo bora umeshaifanya vumbi la jiwe. Na kama krenki ilikuwa imepinda kidogo, jiwe linakula zaidi upande mmoja. Upande mmoja unabaki mgumu, wa pili laini, kwenye jarnali moja, ile sehemu ya duara inayozunguka ndani ya beringi.

#7 MzeeWaMachineTools
Wanangu, nimesoma. Mimi nimekulia kwenye karakana, na miaka yangu mingi ilikwenda Machine Tools pale Hai, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa Wabulgaria. Ninyi mnagombania ngozi na oili, mimi nauliza: kona mmezitazama?

Pale jarnali inapokutana na ukuta wa krenki pana mviringo mdogo. Kiwandani mviringo ule una kipimo chake. Msaga krenki mwenye haraka anatumia jiwe lililochakaa pembeni, anaacha kona kali. Krenki ya namna hiyo haifi kwa kuliwa, inakatika. Pili, jiwe lisilochongwa upya na maji machache yanauunguza uso. Ukiona bluu au kahawia kwenye jarnali iliyotoka kusagwa, irudishe hapohapo. Chuma kilichoungua hivyo kinakuwa laini, au kinapata nyufa ambazo macho hayazioni. Huyo anayesema chuma ni kilekile, mwulizeni jiwe lake analichonga lini.

#8 FundiNjiro
Shikamoo mzee. Bluu kweli nimeiona kwenye moja, nikaambiwa itaondoka kwa msasa.

#9 MzeeWaMachineTools
Marahaba mwanangu. Rangi inaondoka, kuungua kunabaki.

#10 VumbiLaNgorongoro
Mimi ni dereva wa watalii, sio fundi, ila nina la kusema. Kuanzia pale lami inapoisha, geti la Loduare la Ngorongoro, mpaka Serengeti tunakula vumbi kutwa nzima. Filta ya hewa unaigonga asubuhi, jioni imeziba. Wenye kampuni wengine wanaipuliza kwa kompresa mpaka karatasi inatoboka, wanairudisha. Hilo vumbi linakwenda wapi kama si kwenye oili? Naona Mangi ana hoja.

#11 MetaliTengeru
Dereva, hapo umegusa penyewe, na mimi naona vumbi na ngozi havipingani. Chembe za mchanga wa kwazi ni ngumu kuliko Vickers 700, sembuse 300. Zikiingia kwenye oili zinajizika kwenye beringi, kwa sababu beringi ni laini makusudi ili imeze uchafu. Zikijizika pale zinasugua krenki kila inapozunguka. Krenki yenye ngozi inavumilia zaidi. Iliyovuliwa ngozi inachimbika upesi. Kwa hiyo mwaka jana gari lilikula vumbi hilohilo na krenki ikasalimika, mwaka huu vumbi ni lile lile, krenki inakwisha. Fundi wetu alisema ya kiwandani ilikaa miaka bila alama. Hilo oili peke yake haiwezi kulijibu.

#12 Mangi_Kibosho
Linajibika vizuri tu. Injini ikiwa mpya ringi zinabana, vumbi halipiti kirahisi. Ukifunga krenki mpya juu ya silinda zilizochoka, unamlaumu nani? Watu wanatengeneza chini wanaacha juu.

#13 ChaliiWaSakina
Mangi kila ugonjwa dawa yake oili 😂 Hata mafua ya ng'ombe.

#14 Mangi_Kibosho
Ng'ombe wangu wanakunywa maji ya mlimani, hawaumwi. Endelea kulinda kambi yako.

#15 DadaVipimo
Naomba kuingilia, nafanya kazi ya kupima metali. Kabla hamjatoana macho, kipimeni basi. Tatizo ni kwamba wengi mkisema "tumepima ugumu" mmepima vibaya.

Mashine ya Rockwell kwa skeli ya C inakandamiza kwa kilo 150. Ngozi ya 0.3 inatobolewa, sindano inafika kwenye chuma laini cha chini, unapata namba ndogo, unasema "hakuna ngozi". Kile kipimo cha mkononi cha kurusha kijiwe ni hivyohivyo. Kwa ngozi nyembamba kinadanganya kwenda chini. Ngozi ya nitrojeni inapimwa kwa Vickers ya mzigo mdogo, au kwa Rockwell ya juujuu, ile ya kilo 15. Na ukitaka kujua kina, unakata kipande, unakisugua mpaka king'ae, unapima hatua kwa hatua kutoka pembeni kwenda ndani. Krenki mbovu mnazitupa au mnauza kwa kilo. Kateni moja mjue.

Kama huna mashine, tupa kali isiyochakaa inasaidia kidogo. Ikiteleza bila kung'ata, uso ni mgumu. Ikila chuma, ngozi haipo. Ila jaribu pembeni, sehemu isiyofanya kazi, usiharibu jarnali ya mtu.

#16 Digrii_Tisini
Asante dada. Na sio krenki zote ni za nitrojeni, hili lisemwe kwa sauti. Nyingine zinakomazwa kwa koili ya umeme: jarnali inazungushiwa koili, inapashwa upesi, inamwagiwa maji. Kina chake ni milimita 2 na kuendelea, hizo unapiga saizi bila wasiwasi. Nyingine, hasa za magari madogo ya petroli, ni chuma cha kumimina na hazina nitrojeni wala koili. Malori ya @Mangi_Kibosho huenda ni ya koili, ndiyo maana yanasagwa na kutembea. Manuali ya injini inasema wazi: kuna krenki zinazoandikwa zisisagwe kabisa, na kuna zinazoandikwa zikisagwa lazima zirudishiwe ukomazaji.

#17 Mangi_Kibosho
Manuali nitaitafuta. Oili sibadilishi msimamo.

#18 JuisiMoshi
Jamani mimi siko kwenye magari, ila neno nitrojeni limeniumiza roho. Nina kiwanda kidogo cha kusindika matunda Moshi. Pampu zangu zina shafti za chuma kisichoshika kutu, zilikuwa zinaliwa na sili, vile vizuizi vya kuvuja vinavyoikumbatia shafti. Nikashauriwa nizipeleke nje zikafanyiwe plazma. Zimerudi ngumu kwelikweli, sili hazizili tena. Lakini zimeota kutu! Chuma kisichoshika kutu kimeshika kutu. Waliofanya wanasema maji yangu ndiyo mabaya. Maji ya Moshi jamani?

#19 MetaliTengeru
Pole sana. Maji yako hayana kosa. Kinachozuia kutu kwenye chuma hicho ni kromi iliyoenea humo ndani na kutengeneza utando mwembamba usoni. Ukikipiga nitrojeni kwa joto la nyuzi 500 na zaidi, kromi yote ya usoni inakamatwa na nitrojeni, utando unakosa wa kuutengeneza, kutu inaingia. Chuma cha namna yako kinatakiwa kifanyiwe chini ya nyuzi 450, kwa muda mrefu. Hapo nitrojeni inabaki imejibana katikati ya atomi bila kuiteka kromi. Ugumu unaupata na kutu huipati. Ngozi yake inakuwa nyembamba, lakini kwa sili inatosha. Uliza walitumia nyuzi ngapi, na utake jibu la maandishi.

Na hapo ndipo plazma inapoishinda njia ya zamani ya kuingiza nitrojeni kwa gesi ya amonia. Ule utando wa kwenye chuma kisichoshika kutu unazuia nitrojeni isiingie, kwa amonia tupu inabidi uuondoe kwa njia nyingine kwanza. Ayoni za plazma zinaubandua zenyewe.

#20 JuisiMoshi
Asante sana, umenipa maneno ya kusema. Nawaandikia leo.

#21 KijanaWaVeta
Wakuu, mbona hii kitu inaonekana tunaweza kujenga wenyewe? Mtungi mnene wa chuma, kompresa ya friji igeuzwe pampu ya ombwe, transfoma ya maikrowevu, nitrojeni ya mtungi. Mnaonaje?

#22 DadaVipimo
Usifanye mdogo wangu. Transfoma ya maikrowevu imeua watu wengi duniani, haikupi nafasi ya kujifunza. Na haidrojeni ikikutana na hewa ndani ya chumba cha moto ni mlipuko. Mashine za kweli zina kinga ya kukata umeme ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa sababu mahali penye mafuta au uchafu plazma inajikusanya inakuwa cheche moja nene inayoyeyusha kazi. Tangu miaka ya 1980 zinatumia umeme wa mapigo, washa-zima mara maelfu kwa sekunde, ili kuzuia hilo hilo. Bila kinga hiyo utaharibu krenki hata kama utapona wewe.

#23 MzeeWaMachineTools
Na wasije wakakudanganya na chumvi za sianidi pia. Zinakaza chuma vizuri, na tulio wazee tunazijua, lakini tone la asidi likiingia mle inatoka gesi ya kuua. Mtu mwingine nimemsikia anachoma mbolea ya yuria ndani ya boksi pamoja na gia. Yuria ikiungua inatoa amonia na gesi nyingine kali mbaya kwa mapafu. Kijana, hamu yako ni nzuri, usiizime. Nenda vyuo vya hapa Arusha, Arusha Technical au Nelson Mandela, ukae na watu wanaosomea metali, mjenge kwa mpango, kukiwa na mtu wa umeme pembeni.

#24 KijanaWaVeta
Nimewaelewa wakubwa. Nitakwenda kuuliza.

#25 ApoloMirerani
Nimepita tu. Je hiyo plazma tukiipiga kwenye tindo na biti za kuchimbia mawe kule machimboni zitakaa? Tunanoa mpaka mikono inachoka.

#26 Digrii_Tisini
Kwa tindo hapana. Kitu kinachopigwa nyundo kinahitaji unene wa ugumu. Ngozi ya nusu milimita juu ya chuma laini ikipigwa inabonyea na kupasuka, inabanduka magamba. Biti za mwamba zina meno ya kabaidi ya tangsteni, hiyo ni habari nyingine kabisa. Nitrojeni ni ya vitu vinavyosuguana na kuchoka: krenki, gia, skrubu za mashine za plastiki, moldi.

#27 ApoloMirerani
Sawa. Mkipata ya tindo mniite.

#28 HistoriaNaChuma
Kidogo kwa wanaopenda asili ya mambo, maana plazma si kitu cha juzi. Mmarekani Adolph Machlet alipewa hati miliki ya kukaza chuma kwa amonia mwaka 1913. Huko Ujerumani Adolph Fry wa Krupp akaonyesha miaka ya 1920 kwamba lazima chuma kiwe na alumini au kromi na wenzao ndipo kikaze kweli. Kisha Mjerumani mwingine, Bernhard Berghaus, akaileta njia ya plazma miaka ya 1930. Ilikawia kuenea kwa sababu umeme wa kuidhibiti ulikuwa haujaiva.

#29 MetaliTengeru
Umeongezea vizuri. Na hoja ya Fry ndiyo inayowaponza watu hapa mjini. Mtu anachongesha shafti kwa chuma cha kawaida cha duka la vyuma, halafu anauliza kama ikiwekewa nitrojeni itakaza. Chuma kisicho na kromi wala alumini kinapata utando mwembamba usoni, chini yake hakuna cha maana. Ukitaka ngozi, anza na chuma chenye cha kushikana na nitrojeni.

#30 FundiNjiro
Wakuu mmenifungua. Jana nimechukua krenki mbili zilizotupwa nyuma ya gereji, zote za injini aina moja. Moja haijawahi kusagwa, nyingine ilipigwa saizi mara mbili. Tupa kwenye ile ya kwanza inateleza. Kwenye ya pili inang'ata. Nimemwonyesha msaga krenki kwa macho yake. Amekaa kimya, halafu akasema tupa yangu ni mbovu.

Sasa swali langu la mwisho: nikiisaga halafu niipeleke ikarudishiwe nitrojeni, inawezekana?

#31 DadaVipimo
Inawezekana, ila kwa utaratibu. Kunyoosha na kusaga vyote vimalizike kabla, maana baada ya hapo ni kung'arisha kidogo tu. Inavimba maikroni chache, msaga awe amelijua hilo. Matundu ya oili yatolewe plagi zote na yasafishwe mpaka yatoe kitambaa cheupe, la sivyo mafuta ya zamani yatachemka ndani ya chumba na kuleta cheche. Matundu membamba pia plazma hupenda kujificha humo na kuyapasha kupita kiasi, kwa hiyo wanaoijua kazi huyaziba au hupanga presha kwa uangalifu. Na joto la plazma lisizidi lile ambalo krenki ilipashwa tena kiwandani baada ya kukomazwa, la sivyo unalainisha mwili mzima.

#32 Digrii_Tisini
Kwa huduma yenyewe, India wameendelea sana. Taasisi yao ya Utafiti wa Plazma iko Gandhinagar, Gujarat, ina kituo maalumu kinachopeleka teknolojia hii viwandani. Watu wa spea hapa Arusha wana njia za kwenda huko. Tatizo ni nauli ya krenki moja. Ikusanyeni mzigo mafundi kadhaa.

#33 MzeeWaMachineTools
Mimi bado nasema mtazame kona na jiwe kwanza. Krenki ya pili ya Fundi inaweza kuwa haina ngozi, na inaweza pia kuwa iliunguzwa. Tupa itang'ata kwa yote mawili.

#34 MetaliTengeru
Mzee ana haki hapo. Tupa haiwezi kutenganisha. Fundi, ikate hiyo ya pili kwenye jarnali, na ya kwanza pia, kipande cha upana wa vidole viwili kila moja. Msumeno utumie wa maji, sio grainda, joto la grainda litaharibu ushahidi.

#35 Mangi_Kibosho
Na kabla hujakata, chukua ile oili iliyokuwa ndani ya injini uipeleke ipimwe mchanga. Gharama ya kupima nitalipa mimi.

#36 FundiNjiro
Ya pili ilitoka kwenye gari ambalo bado liko gereji, oili yake iko kwenye karai limefunikwa. Dada, nikuletee wapi vipande?

#37 DadaVipimo
Nimekutumia ujumbe pembeni. Andika kwa rangi kipi ni kipi kabla ya kukata, na uweke alama upande uliokuwa unapokea mzigo wa konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki.